Umeme si ulishagunduliwa, mwanangu anatafiti nini tena?

SWALI: Habari za kazi. Mimi ni mama wa hapa Nkuhungu, Dodoma, nauza maji baridi na juisi ya ubuyu. Mwanangu yupo chuo mwaka wa mwisho, uhandisi wa umeme, anasema utafiti wake ni wa kubadilisha umeme, sasa umeme unabadilishwaje jamani? Halafu nina inveta ya sola, nikichomeka friji inaunguruma na boksi linachemka mpaka naogopa. Nisaidieni.

JIBU: Shikamoo mama. Hayo maswali mawili ni swali moja kabisa, maana anachosoma mwanao ndo kimo humo humo kwenye boksi linalochemka. Betri inatoa umeme unaoenda upande mmoja tu, ila friji yako imetengenezewa umeme wa TANESCO, volti 230, ambao unaenda na kurudi mara 50 kila sekunde. Ndani ya inveta kuna vidude vidogo vyeusi vya miguu mitatu, mosfeti, vinawaka na kuzima kwa kasi kubwa sana kuukatakata ule wa betri mpaka ufanane na wa nguzo. Inveta za bei ya chini zinakata kwa ngazi ngazi, mota ya friji haiutaki umeme wa hivyo, ndo inaunguruma. Ukinunua nyingine uliza ya pyua sainwevu, yaani inayotoa umeme wa wimbi laini lisilo na ngazi. Na fundi akikwambia inveta yako ni ndogo usimbishie, friji ikianza inavuta umeme mara kadhaa kuliko ikishatulia.

Joto sasa. Kila kidude kikiwaka na kuzima kuna umeme kidogo unapotea kwa kugeuka joto, na huo ni umeme wa jua lako mama, inauma! Watafiti duniani wanahangaika na vidude vya silikoni kabaidi vinavyopoteza kidogo zaidi. Na si sola tu, treni ya SGR inayofika hapa Dodoma tangu 2024 inachukua volti 25,000 kwenye waya wa juu, inabidi zishushwe na kugeuzwa ndo mota zizunguke, kazi ile ile ila kubwa.

Leo hii shika waya kati ya betri na inveta friji ikiwa inafanya kazi. Ukiwa wa moto basi huenda ni mwembamba, kwa betri ya volti 12 wati 1000 tu zinapitisha zaidi ya ampea 80, weka mnene na mfupi. Boksi lisibanwe ukutani, na usilifungue hata ukiwa umezima, kuna umeme unabaki ndani. Mwanao akirudi likizo mpe karatasi akuchoree wimbi la inveta yako, utaziona hizo ngazi.