Kidonda cha mama na unga wa manjano

Dada, pole kwa kuuguza. Umeuliza kama kidonda cha mguuni cha mama, wiki ya tatu sasa, kinyunyiziwe manjano kama alivyosema jirani, na kama kweli aache maharage.

Manjano ya jikoni usiyatie kwenye kidonda kibichi. Sushruta, tabibu wa kale wa India, alifunga vidonda kwa asali na samli, lakini alisafisha kwanza. Hapo ndipo wengi tunaporuka! Asali ya sokoni nayo haijaondolewa vijidudu. Ya hospitali imeondolewa. Osha kwa maji safi yanayotiririka, kausha taratibu pembeni, funika kwa shashi safi.

Kwenye chakula, Ayurveda, tiba ya jadi ya India, inanipendeza: wali wa mchele uliokaa ghalani, samli kidogo juu, mchuzi wa choroko, mchicha, komamanga. Ufuta, mtindi na vitu vichachu wanamkataza mwenye kidonda. Mimi mtindi ningemwachia, maana nyama mpya inajengwa na protini. Maharage pia ale.

Ila wiki tatu ni nyingi. Kesho mpeleke akapimwe sukari, na muulize daktari kuhusu sindano ya pepopunda. Kikianza kunuka, au ngozi ya pembeni ikigeuka nyeusi, nendeni usiku huohuo.