Je, mwanaanga aliyekwama anaweza kuvuka hadi chombo kingine?

SWALI: Katika filamu za wanaanga wanaopigania uhai baada ya chombo chao kuharibika, nimeona mhusika akibaki bila kofia kwa muda mfupi na kupona, na mwingine akivuka kutoka kwenye darubini ya Hubble hadi Kituo cha Kimataifa cha Anga kwa injini ndogo ya mgongoni. Kitaalamu, lipi linawezekana?

JIBU: Ndugu msomaji, la kwanza lina ukweli mwingi kuliko inavyodhaniwa. La pili haliwezekani kabisa, ingawa ndilo ambalo watazamaji hulikubali bila kulihoji.

Mwili ulio katika ombwe, yaani mahali pasipo hewa, huvimba lakini haupasuki, kwa kuwa ngozi ni imara vya kutosha, wala haugandi papo hapo, kwa kuwa pasipo hewa joto huuacha polepole kwa njia ya mnururisho. Kinachoua haraka ni kukosa oksijeni. Mwaka 1966 huko Houston, Jim LeBlanc wa NASA alikuwa akijaribu vazi la anga ndani ya chumba kilichoondolewa hewa, mrija wa vazi ukachomoka; alizimia baada ya sekunde 14 hivi, na jambo la mwisho alilokumbuka ni mate yakichemka ulimini. Hewa ilirudishwa upesi, naye akapona. Kwa hiyo tukio la sekunde chache linakubalika, mradi mhusika asiwe amebana pumzi, maana hewa iliyofungiwa hutanuka na kuchana mapafu.

Suala la kuvuka ndilo zito. Kituo kiko kwenye kimo cha takriban kilomita 400 na Hubble iko juu zaidi, lakini tofauti ya kimo ni jambo dogo ikilinganishwa na tofauti ya mwelekeo. Njia ambayo Hubble huizungukia Dunia imeinama nyuzi 28.5 kutoka ikweta, na ya kituo nyuzi 51.6, huku vyote viwili vikikimbia kwa kilomita 7.6 hivi kila sekunde. Hata njia hizo zikiwa zimekaa kwa namna iliyo nafuu kuliko zote, kugeuka kwa nyuzi 23 kunadai badiliko la kasi la kilomita 3 kwa sekunde. Injini ya mgongoni ambayo wanaanga wa NASA waliitumia mwaka 1984 ilikuwa na gesi ya kubadili kasi kwa mita 25 hivi tu kwa sekunde, yaani chini ya sehemu moja ya mia ya hitaji hilo. Chombo kizima cha Atlantis kilipokwenda kuikarabati Hubble mwaka 2009 nacho hakikuwa na uwezo wa kukimbilia kituoni endapo kingeharibika, na ndiyo sababu NASA iliweka chombo kingine, Endeavour, tayari kwenye jukwaa la kurushia kwa ajili ya uokoaji.

Vyombo vikiwa katika njia moja hali hubadilika, ingawa bado si suala la kulenga na kusukuma. Mwezi Juni 1965, James McDivitt alikielekeza chombo chake cha Gemini 4 moja kwa moja kwenye kipande cha roketi kilichokuwa karibu, akawasha injini, na kila alipojitahidi ndivyo walivyozidi kuachana, kwa sababu anayeongeza kasi hupanda kwenye njia ndefu zaidi na kuchelewa. Aliye nyuma kwa mbali hupaswa kupunguza mwendo, ashuke kwenye njia fupi, kisha apande tena wakati ufaao. Mbinu hiyo ilikamilishwa Desemba mwaka huohuo, Gemini 6A ilipoifikia Gemini 7.

Kwa maoni yangu, hapo ndipo waandishi wa filamu wangepata kisa cha kuaminika: vyombo viwili katika njia moja, umbali wa kilomita kadhaa, na mwanaanga anayelazimika kupima oksijeni iliyobaki dhidi ya mizunguko ya takriban dakika 90 kila mmoja, akijua kwamba kusukuma kabla ya wakati kutampeleka mbali zaidi.