Kabla hujapeleka mchuzi wa zabibu maabara

Mchuzi wangu wa kwanza kupimwa, yaani divai ghafi ya kuuzwa kwa jumla, ulitokana na zabibu za msimu wa Agosti. Niliuchota kwa kikombe juu ya simtanki, nikaumimina kwenye chupa ya plastiki ya maji hadi nusu, nikaiacha mezani siku nne nikisubiri usafiri wa kutoka Hombolo kwenda mjini. Majibu yakasema asidi ya siki imepita gramu 1.2 kwa lita, kikomo cha OIV, shirika la kimataifa la mizabibu na mvinyo. Mnunuzi akaondoka. Ada ya shule ya wanangu ilikuwa humo ndani ya simtanki.

Mpimaji aliniuliza swali moja tu: chupa ilikuwa imejaa? Bakteria wanaogeuza kilevi kuwa siki wanahitaji hewa, nami niliwapa nusu chupa nzima ya hewa pamoja na joto la Dodoma. Nikarudia. Safari hii nilitumia chupa mbili za kioo zilizochemshwa na kukauka, mchuzi nikauvuta kwa mpira kutoka katikati ya simtanki, nikajaza hadi mdomoni, nikakaza vizibo, moja nikaifunga kitambaa kibichi na kuifikisha maabara siku hiyohiyo, ya pili nikabaki nayo. Asidi haikufika hata nusu ya ile ya mwanzo. Mchuzi ulikuwa mzima; sampuli ndiyo iliyoharibika.

Jambo la pili ni haidromita, kile kijiti cha kioo kinachoelea. Wengi wetu tunacho na kinafaa sana kufuatilia sukari inavyopungua wakati wa kuchachusha. Lakini usimwambie mteja kwamba kinywaji ni salama kwa sababu ya haidromita. Yenyewe inapima uzito wa kimiminika tu. Ethanoli, kilevi tunachokunywa, ina gramu 0.789 kwa mililita. Methanoli, ile inayopofusha na kuua, ina 0.792. Kijiti hakiwezi kuzitofautisha. Ulimi nao hauwezi. Wako wanaowasha kiberiti na kutazama rangi ya moto. Nawaomba waache kabisa, maana mchanganyiko wa vilevi hivyo viwili hauonyeshi kitu cha kutegemea.

Kinachotenganisha ni kromatografia ya gesi. Tone la kinywaji linageuzwa mvuke, linapitishwa kwenye mrija mwembamba mrefu, na kila kemikali inatoka kwa wakati wake na kuhesabiwa. Usishtuke ukiona methanoli kidogo kwenye majibu. Inatokana na pektini, gundi ya asili iliyomo kwenye maganda, ndiyo maana divai nyekundu kama ya Makutupora Red, aina ya zabibu ya huku Dodoma, inayochachushwa na maganda yake, huwa nayo zaidi ya nyeupe. OIV inaruhusu miligramu 400 kwa lita kwa nyekundu na 250 kwa nyeupe. Balaa linakuja mtu anapoongeza spiriti ya viwandani. Italia mwaka 1986 walikufa watu zaidi ya 20 kwa divai iliyotiwa methanoli ili iwe kali. Mtu aliyekunywa akianza kuona ukungu au kutapika saa nyingi baadaye, hata kesho yake, mpelekeni hospitali mara moja.

Kwa rangi, ipo njia ya nyumbani ninayoipenda: tia magadi kidogo kwenye glasi ya divai nyekundu. Rangi ya zabibu hugeuka ya bluu au kijani cha matope. Ikibaki nyekundu vilevile, shuku rangi ya dukani. Sukari ya miwa iliyoongezwa ni ngumu zaidi kuikamata, kwa kuwa kilevi chake ni ethanoli ileile; maabara kubwa hupima kaboni-13, aina ya kaboni iliyo nzito kidogo, ambayo muwa huibeba kwa kiwango tofauti na mzabibu.

Ile chupa ya pili ya sampuli usiipeleke popote, ni ushahidi wako mkibishana. Ibandike tarehe na namba ya simtanki, wewe na mnunuzi mtie sahihi juu ya kizibo, ikae mahali pa baridi na giza mpaka fedha yako yote iwe imelipwa.