Misaada ya Maafa: Utafiti Unaelekea Wapi?

SWALI: Ndugu Mhariri, shikamoo. Ninasoma shahada ya ununuzi na ugavi hapa Dar es Salaam, mwaka wa tatu. Ninataka kutafiti usafirishaji wa misaada wakati wa maafa, lakini msimamizi wangu amenirudishia pendekezo mara mbili, akisema kwamba suala la njia za malori limekwisha kuandikwa sana. Watafiti wanashughulikia nini siku hizi, nami nianzie wapi? (Msomaji, Tabata)

JIBU: Marahaba. Msimamizi wako hakukuonea. Fani hii ilipata nguvu baada ya tsunami ya Desemba 26, 2004 katika Bahari ya Hindi, wakati shehena za misaada zilipojaa viwanjani mwa ndege huku waliokusudiwa wakiendelea kuzisubiri. Mwaka 2006 Luk Van Wassenhove wa INSEAD, chuo cha biashara cha Ufaransa, aliandika makala iliyowavuta wataalamu wengi wa ugavi kwenye kazi ya maafa, na kufikia 2011 fani ilikuwa na jarida lake la kitaaluma. Kwa miaka mingi waliotawala ni watu wa hesabu: ghala lijengwe wapi, akiba iwe kiasi gani, lori lipite wapi. Ninaziheshimu kazi hizo, ingawa nyingi zilitegemea takwimu za kukadiria, kwa kuwa anayegawa maji katikati ya mafuriko hana nafasi ya kujaza majedwali ya mtafiti.

Sasa maswali yamebadilika. José Holguín-Veras na wenzake walihoji, mwaka 2013, kwa nini hesabu za msaada zihesabu mafuta ya lori lakini ziache mateso ya anayesubiri, ilhali saa ya kumi bila maji humuumiza mtu kuliko saa ya kwanza. Kwangu mimi hilo ndilo badiliko kubwa kuliko yote, maana ukiliingiza katika hesabu, njia iliyoonekana nafuu huweza kugeuka kuwa ghali. Wengine wanachunguza msaada wa fedha taslimu, ambao kwetu unaweza kupitia simu ya mkononi. Hapo mtafiti hulazimika kuliangalia duka la mtaani, kama liko wazi na kama lina unga, kabla ya kuliangalia lori. Uko pia mjadala wa kuwapa wenyeji usukani: mwaka 2016, mjini Istanbul, wafadhili na mashirika makubwa walikubaliana kwamba ifikapo 2020 asilimia 25 ya fedha za misaada iwafikie watendaji wa ndani kwa njia ya moja kwa moja kadiri iwezekanavyo, na lengo hilo halikufikiwa. Wapo pia wanaotafiti taka za vifungashio.

Bandari yetu hupitisha chakula cha msaada kwenda nchi jirani, na safari hizo ndefu zina watafiti wake. Nakushauri uchague kipande kifupi cha mwisho, kutoka ghala hadi mlangoni. Tangu 2015 mradi wa Ramani Huria, kwa mikono ya wanafunzi na wakazi, umechora ramani za kata za jiji hili zinazofurika, na ramani hizo ziko wazi kwa yeyote. Chukua kata moja ya bonde la Msimbazi, uulize nani hushika ufunguo wa ghala, daftari lake linaandikwa nini, na turubai lilichukua saa ngapi kumfikia aliyelihitaji.

SWALI: Kikundi chetu cha akina mama kimekusanya mifuko ya nguo kwa ajili ya waathirika wa mafuriko. Tuipeleke wapi? (Mama wa Kinondoni)

JIBU: Mama, msiipeleke kwanza. Desemba 2011, mafuriko yalipolikumba jiji hili, niliingia katika darasa walimohifadhiwa waathirika. Akina mama watatu walipiga magoti wakifungua mifuko mmoja baada ya mwingine, wakitoa kiatu cha mguu mmoja, koti zito la baridi, gauni la harusi. Pembeni mtoto mchanga alifungwa kanga iliyolowa, kwa kuwa mablanketi yalikuwa chini kabisa ya rundo. Watafiti wameliona jambo hilo katika maafa mengi: mizigo isiyoombwa huzibia njia ile inayohitajika. Ulizeni kamati ya maafa ya wilaya ni kitu gani kimepungua. Wakihitaji nguo, tengeni za watoto na za wakubwa, kisha andikeni juu ya kila mfuko kilichomo na saizi yake.