Dira ndogo ya mkanda wa saa, inaaminika?

Umeuliza kama hizi dira ndogo za kuvalisha kwenye mkanda wa saa zinaaminika. Kujua kaskazini iko upande gani, ndiyo. Kufuata nyuzi kamili za ramani, hapana: uso wake ni mdogo mno, na ukikosea nyuzi 10 tu, kila kilomita unayotembea inakutoa njiani kama mita 175. Adui wake mkubwa ni saa yenyewe. Dira yangu, ikisogea karibu na kasha la chuma la saa, mshale ulikuwa unapinda waziwazi, nikiitenga, unarudi. Kwa hiyo ichomoe, ilaze sawasawa kiganjani, ngoja mshale utulie ndipo usome. Na tafadhali usiilaze na simu: sumaku ya spika inaweza kuugeuza mshale kabisa, kusini ikasomeka kaskazini.