Stroberi za saa tisa usiku

Dada mmoja ameniandikia wiki hii. Mumewe aliachishwa kazi, na tangu hapo anakesha kwenye simu akicheza gemu na watu asiowajua. "Kaka, amenichoka?"

Hapana, dada yangu. Ngoja nikusimulie yangu.

Mwaka 2010 nilipunguzwa kazi hapa Dar es Salaam. FarmVille, gemu ya kilimo iliyoanza kwenye Facebook Juni 2009, ilikuwa imepamba moto. Nikapanda stroberi. Zinaiva kwa saa nne, ukichelewa sana zinanyauka. Nikipanda saa tano usiku, saa tisa nanyata kwenda sebuleni kuvuna, mke wangu asisikie.

Barua za kuomba kazi nilikuwa nimepeleka zaidi ya thelathini, na sikujibiwa hata moja. Kule kwenye gemu, kila nilichopanda kiliota. Halafu kulikuwa na majirani: huyu kanitumia mti, yule kaja kuweka mbolea. Wenzangu wa ofisini, niliokula nao mchana miaka sita, walikuwa hawapokei simu zangu. Mpaka leo linaniuma, sifichi.

Watu waliniita mvivu. Mvivu gani anaamka saa tisa usiku kuvuna? Nilikuwa na kiu ya kufanya kazi, nione matunda yake, na mtu aseme asante.

Aprili mama akapiga simu kutoka Kilosa: palizi imefika, mgongo hauruhusu. Nikamwambia nina shughuli nyingi. Mahindi yake yakasongwa na magugu mwaka ule, nami nikiwa kwenye shamba la picha. Nimeshamwomba radhi. Alisema yameisha, ila kila msimu wa palizi nalikumbuka.

Sikuacha kwa kufokewa. Mke wangu aliniomba nimjengee banda la kuku. Nililimaliza kwa siku mbili, akamwita jirani, jirani wa kweli, aje kulitazama. Usiku ule nililala mpaka asubuhi, na stroberi zikanyauka.

FarmVille ilifungwa 31 Desemba 2020, lakini gemu nyingine zimejaa, na mwanamume asiye na kazi ataipata yake. Kwa hiyo usimnyang'anye simu, dada. Kaa naye, muulize hao anaocheza nao ni akina nani, na wanampa nini ambacho nyumbani hakipati. Kisha mpe kazi ya mikono inayokwisha siku hiyohiyo: bawaba ya mlango, kitanda kinacholia. Akimaliza, msifie mbele ya watoto.