Samba, Syncthing au Nextcloud: kusawazisha faili si kuziwekea akiba

SWALI: Nyumbani tuna kompyuta mpakato mbili, moja ya Windows na nyingine ya Ubuntu, simu tatu za Android, na kompyuta ya mezani ya zamani ambayo ningependa itunze picha na nyaraka za familia. Fundi amenishauri niweke Syncthing, programu ya kulinganisha folda za vifaa mbalimbali, kwenye vifaa vyote, akaniambia kwamba faili ikishakuwa mahali sita sitahitaji tena diski ya akiba. Marafiki wananitajia Samba, inayoruhusu kompyuta moja kugawia nyingine folda zake kupitia mtandao wa nyumbani, na Nextcloud, ya kuwa na hifadhi yako mwenyewe ya faili inayofikiwa kwa kivinjari au programu ya simu. Kati ya programu hizi za chanzo huria, nichague ipi? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Ndugu msomaji, weka Samba kwenye kompyuta ya mezani kwa ajili ya nyaraka, kwa sababu Windows na Ubuntu zote zitafungua folda zake moja kwa moja, kisha tumia Syncthing kuleta picha kutoka kwenye simu. Vifaa vilivyo kwenye ruta moja hutumiana faili bila kupitia intaneti, kwa hiyo bando lako halitaguswa. Programu rasmi ya Syncthing ya Android iliachwa kuendelezwa mwaka 2024, tafuta Syncthing-Fork, toleo linaloendelezwa na watu wengine. Nextcloud ni nzuri, lakini inadai hifadhidata, PHP (lugha ya programu inayoiendesha) na masasisho yasiyoruhusu kuruka toleo kuu hata moja, na haina faida kubwa kwa mtu asiyehitaji pia kalenda, orodha ya anwani na viungo vya kuwagawia watu wa nje.

Kuhusu uchaguzi sina zaidi ya hayo. Kinachonisumbua ni kauli ya fundi wako, ambayo naisikia karibu kila wiki na ambayo imewapotezea watu picha za harusi na za wazazi waliokwisha kufariki. Kazi ya Syncthing ni kuhakikisha kwamba folda zinalingana. Kufuta faili nako ni badiliko, na programu hulipeleka kila mahali kwa uaminifu uleule inaopelekea faili mpya. Mara nyingi mambo hutokea hivi: simu inajaa, mwenyewe anafuta picha za mwaka jana akijua kwamba zimo kwenye kompyuta, na muda mfupi baadaye kompyuta nayo inazifuta kama ilivyoagizwa. Vivyo hivyo, programu hasidi ya kudai fidia ikizifunga faili kwenye Windows, faili zilizofungwa ndizo zitakazosambazwa kwenye vifaa vingine vinavyoshiriki folda hiyo.

Wapo watakaokuambia kwamba Syncthing ina sehemu ya kutunza matoleo ya awali. Ni kweli, lakini sehemu hiyo huja ikiwa imezimwa, na hata ukiiwasha, kifaa hutunza tu yale yaliyobadilishwa au kufutwa na vifaa vingine. Ukiiwasha kwenye simu, haitakuokoa na ulichokifuta kwenye simu hiyohiyo. Iwashe kwenye kompyuta ya mezani. Wengine hudhani kwamba kuiweka folda katika hali ya kupokea tu kunatosha, ilhali folda ya namna hiyo hupokea pia agizo la kufuta. Samba nayo haikulindi: faili iliyofutwa kupitia mtandao haiendi kwenye pipa la taka la Windows, isipokuwa aliyeweka seva amewasha moduli ya kuzihifadhi. Nextcloud ina pipa lake, lakini kwa kawaida vitu hukaa humo siku 30, au pungufu nafasi ikiwa finyu.

Kwa hiyo nunua diski ya nje, na kwenye kompyuta ya mezani weka restic, programu ya kuweka akiba ambayo kila inapoendeshwa hutunza hali ya faili kama zilivyokuwa siku hiyo, bila kugusa zilizotangulia. Iendeshe mara moja kwa wiki, kisha chomoa diski na uiweke mbali na kompyuta, kwa kuwa diski inayobaki imechomekwa hupatwa na balaa lilelile la programu hasidi, la umeme na la mwizi. Andika nenosiri la restic kwenye karatasi, maana ukilipoteza hakuna atakayeifungua akiba hiyo. Baada ya wiki ya kwanza, rudisha folda moja kutoka kwenye diski na uzifungue faili zake. Akiba ambayo haijawahi kujaribiwa siihesabu kuwa akiba.

Mafundi wa njia za mkato hawaishii hapo. Runinga ya zamani isipoona folda, wanawasha SMB1, itifaki ya zamani ya kugawana faili ambayo Samba iliizima kwa chaguo-msingi tangu toleo la 4.11 mwaka 2019, na ambayo udhaifu wake kwenye Windows ndio uliokuwa njia ya WannaCry, programu hasidi ya kudai fidia, mwezi Mei 2017. Nenosiri likiwachosha, wanaruhusu mgeni yeyote aandike. Mteja akitaka kuona faili zake akiwa kazini, wanafungua poti 445, mlango wa mtandao unaotumiwa na Samba, kwenye ruta, na kuanzia hapo seva ya picha za watoto inabishiwa hodi na kila mashine inayozunguka mtandaoni ikitafuta pa kuingilia. Anayetaka kufikia faili akiwa mbali atumie WireGuard, programu ya kuingia kwenye mtandao wa nyumbani kwa njia iliyosimbwa, ama Syncthing yenyewe, ambayo husimba mawasiliano yake na haihitaji poti hiyo. Ingia kwenye ukurasa wa mipangilio ya ruta yako leo, utazame orodha ya poti zilizoelekezwa ndani. Ukiikuta 445, ifute kabla hujaanza kuweka programu yoyote kati ya hizi.